Kutoka dinamo hadi alternateri: namna magari ya zamani ya Butembo na Beni yalivyopata umeme wa kutosha

Butembo. Katika garaji za mji huu, Land Rover yenye umri wa miaka hamsini si gari la maonyesho. Ni gari la kazi. Linabeba mbao, mihogo na mifuko ya saruji, na tangu vita vilipopamba moto kusini mwa Lubero mwaka 2024, magari ya namna hiyo yamebeba pia magodoro, sufuria na watoto wa familia zilizokimbia makwao. Fungua boneti yake na huenda ukakuta kitu ambacho kiwanda cha Solihull, Uingereza, hakikukiweka pale: alternateri iliyotolewa kwenye Toyota au Nissan, imefungwa kwa kipande cha chuma kilichokatwa kwa mkono na kutobolewa mashimo hapa hapa mjini.

Mtu asiyejua magari atapita bila kukitazama. Lakini kwa dereva anayeondoka Beni jioni, mvua inanyesha, taa zinawaka na wipa zinafanya kazi, kipande hicho ndicho tofauti kati ya kufika na kulala njiani. Na kulala njiani, katika sehemu hizi, si jambo dogo.

Dinamo ni mashine ya zamani, na mmoja wa watu walioipa sura yake alikuwa Mbelgiji. Zénobe Gramme, fundi seremala aliyehamia Paris, aliwaonyesha wataalamu wa Ufaransa dinamo yake mwaka 1871, miaka arobaini baada ya Mwingereza Michael Faraday kugundua kwamba waya ukizungushwa karibu na sumaku, umeme unazaliwa ndani yake. Magari ya kwanza hayakuhitaji umeme mwingi. Dereva aliwasha injini kwa manivela, akizungusha kwa nguvu za mkono na kuomba isimrudie ikamvunja kifundo, na taa zake ziliwaka kwa gesi ya karabaidi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta gari linalowashwa kwa mota ya umeme. Hapo batri ikawa lazima, na batri ikiwa lazima, dinamo ya kuijaza ikawa lazima pia.

Butembo yenyewe ilizaliwa katika zama hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs iliweka kituo chake hapa, na mwaka 1929 mapadri wa Assomption wakafika katika eneo hili. Barabara za kwanza zilichimbwa kwa jembe na koleo, watu wakilazimishwa kufanya kazi hiyo. Motokari zilifuata: za kampuni, za wakoloni wenye mashamba ya kahawa, za misheni. Zote, kubwa kwa ndogo, zilikuwa na dinamo.

Ili kuelewa kwa nini madereva walikuja kuichoka dinamo, ni lazima kuitazama inavyofanya kazi. Ndani yake, waya unaozaa umeme ndio unaozunguka, nao ni mzito. Umeme wote unatoka kupitia brashi za kaboni zinazokwaruza pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande. Kwa sababu ya uzito huo na pete hiyo, dinamo haiwezi kuzungushwa kwa kasi kubwa, maana waya ungechomoka na pete ingeungua. Kwa hiyo pulli yake inatengenezwa iwe kubwa, izunguke taratibu. Matokeo yake ni kwamba injini ikiwa inanguruma polepole mahali pamoja, dinamo haitoi karibu chochote. Kando yake kuna kisanduku cha regulateri chenye sumaku ndogo zinazofunga na kufungua. Kazi yake moja ni kupima umeme usizidi. Nyingine ni kuikata dinamo na batri pale inaposhuka kasi, la sivyo batri ingeanza kujimwaga ndani ya dinamo.

Sasa tupige hesabu. Dinamo ya Lucas iliyokuwa ndani ya Land Rover nyingi za miaka ya 1960, ile iliyoitwa C40, ilitoa ampea 22 ikizunguka vizuri. Taa mbili kubwa za mbele zinakula wati 120. Taa ndogo, za nyuma na za dashibodi zinakula kama 25. Koili ya kuwasha petroli inakula kama 40, na wipa kiasi hicho hicho. Jumla ni wati 225, yaani karibu ampea 19 kwenye volti 12. Zinabaki ampea tatu za kuijaza batri, na hiyo ni pale gari linapokwenda mbio kwenye barabara nzuri.

Barabara nzuri iko wapi? Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 tu, lakini mtu anashuka kutoka mji wa baridi ulio juu ya mita 1,700 hadi mji wa joto ulio chini zaidi kwa mita mia kadhaa, akipita kona za Kabasha. Asubuhi ukungu unafunika mabonde, dereva anawasha taa mchana. Na safari hiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Wafanyabiashara wa hapa walipeleka maharagwe, vitunguu, viazi na kabichi hadi Kisangani, kupitia Mambasa na Nia-Nia, ndani ya msitu wa Ituri. Katika miaka ya 1980, barabara ilipokuwa imekufa, kamio ingeweza kukaa kwenye tope siku nyingi. Injini ilinguruma polepole ikisubiri zamu, taa zikimulika vijana wanaochimba matairi, na kila dakika batri inapungua bila kurudishiwa kitu. Mchana waliisukuma gari. Usiku waliacha injini ikiwaka, wakateketeza mafuta, kwa sababu tu waliogopa kuizima.

Watafiti wameandika sana juu ya biashara ya Wanande. Janet MacGaffey alichapisha kitabu chake mwaka 1987 juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, wakiwemo waliotoka huku, na kingine mwaka 1991 juu ya uchumi wa kweli wa Zaire. Kahawa iliyovushwa kwenda Uganda, dhahabu, mboga, imani kati ya ndugu: yote hayo yameelezwa. Fundi wa umeme wa garaji, aliyekuwa akifungua dinamo saa nne za usiku na kusugua pete ya shaba kwa msasa ili mboga zisioze, hakupewa nafasi kubwa katika vitabu hivyo. Na bila yeye hakuna kabichi iliyofika Kisangani.

Dawa ya tatizo ilikuwa imeshapatikana mbali. Alternateri, au altaneta kama wanavyoiita ng'ambo ya Kasindi, inageuza mambo ya dinamo ndani nje. Waya unaozaa umeme mwingi umetulia pembeni, hauzunguki. Kinachozunguka katikati ni sumaku nyepesi inayolishwa umeme kidogo tu kupitia pete mbili laini. Kwa hiyo inaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa bila kuumia, pulli yake inakuwa ndogo, na hata injini ikinguruma polepole inatoa umeme. Tatizo lilikuwa moja: umeme wake unakwenda na kurudi, na batri haipokei umeme wa namna hiyo. Ilihitaji kitu cha kuunyoosha. Kitu hicho ni diodi, mlango mdogo unaoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Diodi za silikoni ziliposhuka bei mwishoni mwa miaka ya 1950, mlango ukafunguka. Chrysler ya Marekani iliuza gari la Valiant lenye alternateri mwaka 1960, mwaka ule ule Kongo ilipopata uhuru.

Waingereza walichelewa. Land Rover ya aina ya Series III, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo iliyokuja na alternateri kama kifaa cha kawaida. Ampea zilipanda kutoka 22 hadi 34 na zaidi. Mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, Mobutu aliibadilisha jina nchi ikawa Zaire. Kwa dereva wa Butembo mwenye Land Rover ya zamani, habari njema ya Solihull ilikuwa mbali sana, na ilikuwa karibu kuwa mbali zaidi.

Maana mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na maduka ya vipuri ya Kampala yakabaki bila wenyewe. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation. Biashara za Wagiriki, Wareno, Wabelgiji na Waasia zikapewa raia ambao wengi hawakujua kuziendesha, wakauza kilichokuwa rafuni na wasiagize kingine. Ndani ya miezi kumi na sita, pande zote mbili za mpaka wa Kasindi zilipoteza watu waliokuwa wakileta brashi, mikanda, bearingi na regulateri. Hapo ndipo mafundi wa huku walipojifunza ufundi ambao shule haikuufundisha: kukata kaboni ya batri kavu na kuinoa iwe brashi, kusuka upya waya wa dinamo uliotolewa kwenye mota nyingine.

Vipuri vilirudi taratibu kwa njia nyingine. Kahawa iliyovuka mpaka ilirudi ikiwa dola, na dola zilirudi zikiwa bidhaa. Nairobi ilikuwa na maduka ya vipuri, Mombasa ilikuwa na bandari. Baadaye soko la Kisekka la Kampala likawa jina linalojulikana na kila fundi wa Butembo na Beni. Kisha wafanyabiashara wa hapa wakapanda ndege wenyewe hadi Dubai, na kutoka Dubai hadi China. Magari ya Kijapani yaliyotumika yakaingia kwa wingi, na yalipogongwa au kuchoka yakakatwa vipande. Ndani ya kila gari lililokatwa kulikuwa na alternateri moja, mara nyingi ikiwa bado nzima.

Kwa hiyo alternateri haikufika ndani ya Land Rover za Butembo kutoka Uingereza. Ilitoka Japani, ikiwa imetumika, kwa bei nafuu, regulateri ikiwa imefichwa ndani yake. Mtu aliweza kukitupa kisanduku cha zamani na sumaku zake zote.

Kazi ya kuihamisha ina mitego yake, na wengi walijifunza kwa hasara. Mtego wa kwanza ni masi. Magari mengi ya Kiingereza, hadi katikati ya miaka ya 1960, yalifungwa chanya ya batri kwenye bodi ya gari, kinyume na inavyofanywa leo. Alternateri ya Kijapani inataka hasi iwe kwenye bodi. Anayesahau kuigeuza batri anaunguza diodi zote mara moja, moshi unatoka, na dola zimekwenda. Redio ya zamani nayo, kama ipo, inaweza kufa batri ikigeuzwa.

Mtego wa pili ni waya. Uliowekwa kwa ajili ya ampea 22 hauwezi kubeba 45. Unapata joto, plastiki inalainika, na moto wa gari huanza hivyo. Fundi mwaminifu anavuta waya mpya mnene kutoka alternateri moja kwa moja hadi batri. Fundi wa haraka anaunganisha kwenye waya wa zamani, anafunga utepe, anachukua pesa yake.

Wa tatu ni ile taa ndogo nyekundu ya dashibodi. Madereva wengi wanaidhani ni ya kuonya tu. Katika alternateri nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha sumaku ya ndani gari linapowashwa. Glopu yake ikiungua, alternateri inaweza kukaa kimya hadi injini ipande kasi sana, na fundi asiyejua atauza alternateri nzima badala ya glopu. Na kuna ile tabia ya kuchomoa waya wa batri injini ikiwa inawaka ili kupima kama inachaji. Kwenye dinamo watu waliizoea. Kwenye alternateri volti zinaruka juu ghafla na diodi zinapasuka.

Isidhaniwe kwamba dinamo haikuwa na sifa. Wazee wa garaji wanaoitetea wana hoja. Dinamo inabaki na sumaku kidogo ndani ya chuma chake, kwa hiyo hata batri ikiwa imekufa kabisa, gari likisukumwa mlimani na injini ikaunguruma, dinamo inaanza kuzaa umeme yenyewe. Alternateri yenye batri iliyokauka mara nyingi haiwezi, inahitaji umeme ili izae umeme. Dinamo inatengenezwa porini kwa msasa na kipande cha waya. Diodi ikifa porini imekufa. Land Rover ya zamani ilikuwa pia na tundu la manivela mbele, na wapo waliotoka msituni kwa mkono kama wakati wa babu zao. Lakini hoja hiyo ina nguvu kwa mtu anayesafiri mchana. Giza likiingia, hesabu ya wati 225 inarudi palepale.

Na giza likawa na maana nyingine. Vita vya 1996 na vya 1998 vilikula magari: yaliporwa, yalichukuliwa na wanajeshi, yaliachwa yakiwa mifupa kando ya njia. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yalifanya barabara za Oicha, Eringeti na Kasindi ziwe za kuhesabu saa. Dereva alilazimika kuondoka mapema, kufika mapema, kusafiri kwa msafara wenye ulinzi. Katika msafara gari haliendi kwa kasi yake. Linasubiri, linasogea, linasubiri tena, injini ikiwa chini, na hapo dinamo haizai kitu. Na gari likizimika katikati, magari ya nyuma yanapita. Mwanzoni mwa Septemba 2021, msafara ulishambuliwa karibu na Ofaye, kaskazini zaidi kuelekea Komanda, ukiwa na askari wa kuulinda. Baada ya siku hiyo hakuna dereva wa njia hiyo aliyehitaji kuelezwa kwa nini gari lazima liwake kwa mara ya kwanza.

Batri ya gari ilikuwa na kazi ya pili tangu zamani, nayo ilikuwa nyumbani. Kwa miaka mingi Butembo ilikuwa mji mkubwa usio na umeme wa shirika la taifa. Waliokuwa na jenereta waliitumia, wengine walikaa na taa ya petroli. Batri iliyotolewa kwenye gari iliwasha glopu moja na redio. Radio Okapi ilipoanza Februari 2002, na redio za jamii zikaongezeka, wengi walisikia habari za vita na za mazungumzo ya amani kwa umeme wa batri. Simu za mkononi zilipofika miaka hiyo hiyo, vibanda vya kuchaji vikatokea kila kona. Umeme wa maji wa Mutwanga, uliozinduliwa mwaka 2013 chini ya Ruwenzori, na mingine iliyofuata imebadilisha mengi katika baadhi ya sehemu. Lakini familia iliyokimbia haichagui kulala penye nguzo ya umeme.

Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, watu walipanda kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya kamio. Kila familia ilikuwa na simu moja au mbili, na simu hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kujua mtoto aliyepotea yuko na nani. Wakati kama huo gari lililoegeshwa linageuka kibanda cha kuchaji, na mwenye gari hapendi kukataa. Hapa hesabu inasaidia.

Simu ya kawaida inahitaji kama wati 15 kwa saa moja kujaa, na kwa sababu ya upotevu wa njiani, batri ya gari inatoa kama 20. Batri ya ampea 70 ikiwa mpya na imejaa ina 840. Nusu yake lazima ibaki, la sivyo mota haitazungusha injini. Inabaki 420, yaani simu 20 hivi. Batri iliyochoka, na nyingi zimechoka, haifiki hata simu 10. Injini ikiwa imezimwa, gari likishachaji simu hizo linapaswa kupumzika, hata kama foleni bado ni ndefu. Likiwa na alternateri na injini inawaka polepole, linapata ampea 15 au 20 za kutumia, na simu 20 zinaweza kuchajiwa kwa pamoja bila kuigusa batri. Likiwa na dinamo, injini ikiwaka polepole, kila simu inaichomoa batri moja kwa moja, na dereva hajui mpaka pale atakapotaka kuondoka.

Wanaochaji batri zenyewe ndani ya nyumba walikopokelewa wakumbuke jambo moja ambalo mafundi wa zamani walilijua. Batri ya risasi inayochajiwa inatoa gesi inayowaka. Iwekwe nje au mlangoni penye hewa, mbali na jiko la makala na mbali na mahali watoto wanapolala. Na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, hata mvua ikinyesha.